Wapigaji wetu waliokufa walikuwa watumishi wenu: fungueni majalada na kanda

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Kwa uongozi wa TBC, shirika la utangazaji la taifa; wa BASATA, baraza la sanaa la taifa; na wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kwa wakuu wa mashirika, vyama na majeshi yaliyowahi kumiliki bendi za muziki.

Waheshimiwa,

Mwanamuziki mkongwe wa dansi anapofariki, utaratibu wetu unajulikana. Redio inapiga nyimbo zake mbili tatu, salamu za rambirambi zinatoka, viongozi wanafika msibani, na kabla ya jeneza kuinuliwa mtu mmoja anasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akapitia bendi fulani na fulani, ameacha mjane na watoto. Mara nyingi karatasi ile imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na ndugu waliokuwa wakivutana juu ya miaka. Kesho yake gazeti linainukuu, na tangu hapo inakuwa ndiyo historia. Akifa mwenzake waliyesimama naye jukwaa moja, wasifu wake unapingana na ule wa kwanza, na hakuna mwenye kuamua upi ni sahihi.

Rambirambi tunazishukuru, lakini sizo ninazoziandikia. Naomba kitu ambacho tayari kimo mikononi mwenu: majina, tarehe na kazi za watu hawa, kama zilivyoandikwa kwenye majalada ya ajira, na sauti zao, kama zilivyobaki kwenye kanda za redio ya taifa.

Nasema zimo mikononi mwenu kwa sababu ya namna bendi zetu zilivyoendeshwa. Ni kweli zile za mwanzo zilikuwa za watu wenyewe na vilabu vyao: Dar es Salaam Jazz tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah pale pale Morogoro. Lakini baada ya uhuru umma uliingia kwenye muziki kwa miguu yote miwili. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipoanzishwa 1964 kilianzisha na bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo tunaijua kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa na Bima Lee, na Usafiri Dar es Salaam ikawa na UDA Jazz. Polisi, Magereza, JKT na JWTZ nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC.

Kwa hiyo mpiga besi wa bendi ya kiwanda alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa na barua ya kuajiriwa, alipokea mshahara mwisho wa mwezi, na gitaa alilopigia lilikuwa mali ya mwajiri. Mfanyakazi huwa na jalada, na ndani ya jalada kuna tarehe ya kuzaliwa kama alivyoitaja mwenyewe akiwa kijana, siku aliyoanza kazi, cheo, mshahara, majina ya wategemezi, barua ya onyo kama alichelewa mazoezini, na barua ya kuacha kazi alipovutwa na bendi nyingine. Huyu ni mtu ambaye leo tunamtafuta kwa kubahatisha, na maisha yake yamepigwa mihuri na kutiwa sahihi ofisini.

Niliwahi kuiandikia taasisi moja iliyomiliki bendi, nikiomba mambo mawili tu: mwaka alioajiriwa mpiga gitaa mmoja marehemu, na mwaka alioacha kazi. Familia yake ilikuwa imeridhia. Jibu lilikuwa kwamba jalada ni siri ya mtumishi. Mtumishi mwenyewe yuko kaburini, na waliotaka kujua ni watoto wake wa kuwazaa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mniruhusu nieleze kwa nini majina haya hayapatikani kwingine. Chukueni santuri ndogo ya miaka ya 1960 au 1970, ile yenye wimbo mmoja kila upande, msome karatasi ya katikati. Mtakuta nembo ya kampuni, namba ya santuri, jina la wimbo, jina la bendi, pengine neno "rumba" au "cha cha". Mkibahatika mtakuta jina la mtunzi. Basi. Aliyepiga solo hayumo. Wa rithim hayumo, wa besi hayumo, wala wa tumba, wala wale wa saksafoni na tarumbeta. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo nyimbo zilipelekwa Nairobi, na kilichorudi kilikuwa na jina la bendi na namba.

Wanamuziki wenyewe walilijua pengo hilo. Sikilizeni wimbo wa dansi unapofika kwenye chemko, pale magitaa yanapopanda na mwimbaji ameacha beti. Hapo ndipo wanapoanza kuitana. Mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, anamtania, anamtaja kwa mji anaotoka, anamwambia aendelee. Watu wengi hudhani ni shamrashamra tu. Mimi naona walikuwa wanafanya kazi ambayo karatasi ya santuri haikuifanya, kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Yapo majina ambayo ushahidi wake tulionao ni ule mwito wa sekunde mbili katikati ya wimbo.

Nyota wachache tunawajua. Mbaraka Mwinshehe tunamjua: Morogoro Jazz, maonyesho ya Expo ya Osaka, Japani, mwaka 1970 alipokwenda na bendi kuiwakilisha nchi, Super Volcano na mtindo wa Masika Zole, kisha ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Tunamjua Hemed Maneti wa Vijana Jazz, aliyefariki 1990, na Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyetutoka 1995. Patrick Balisidya, aliyekwenda na Afro 70 kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977, alifariki 2004. TX Moshi William alifariki 2006, Remmy Ongala Desemba 2010, Muhidin Maalim Gurumo Aprili 2014, Shaaban Dede 2017. Hata kwa hawa, ukitaka kujua kwa uhakika ni wimbo gani ulirekodiwa mwezi gani na nani walikuwa studio, unarudi kwenye kumbukumbu za wazee na ubishi wa vijiweni. Na hawa ni wale walioshika kipaza sauti au gitaa la solo. Aliyekaa nyuma yao akashikilia rithim miaka ishirini, asiyumbe, ndiye aliyeufanya ule mtindo uitwe mtindo. Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora, Kiweke ya Atomic ya Tanga: kila moja ilikuwa na mkono wa rithim uliokuwa wa kwake peke yake. Mkono wa nani? Hilo ndilo swali langu kwenu.

Sasa nije TBC, maana kwenye suala la sauti ninyi ndio wenye nyumba. Redio ya Dar es Salaam ilianza 1951. Tangu ilipokuwa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyokuwa mlango wa karibu kila bendi. Bendi ilipanga nyimbo, ikaja na vyombo Barabara ya Pugu, ikarekodi, wanamuziki wakalipwa fedha ya mara moja, kanda ikabaki maktaba ya redio. Ndiyo maana maktaba hiyo ina nyimbo ambazo hazikupata kutoka kwenye santuri hata moja. Bendi za mikoani ambazo hazikuwa na nauli ya kwenda Nairobi zimo humo, na pengine humo tu.

Kanda ya sumaku haidumu milele. Gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye utepe hunyonya unyevu, na katika joto la pwani kazi hiyo huenda haraka. Utepe unaanza kunata, unalia kwenye vichwa vya mashine, na ukilazimishwa unga unabanduka, na unga ndiyo sauti yenyewe. Tena hata kanda iliyo salama inahitaji mashine ya kuichezea, vipuri vyake na fundi anayeijua, na vyote vitatu vinaadimika. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba muda wa kuokoa kanda unafungika, na mwaka uliokuwa ukitajwa kuwa ukingo ni 2025.

Nafahamu kazi yenyewe si nyepesi. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kuihamisha, hakuna njia ya mkato. Lakini ukubwa wake usiwatishe: kwa kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa hifadhi za sauti, biti 24 na kilohezi 96, saa moja ya muziki ni takriban gigabaiti 2. Diski moja ya kawaida ya dukani inabeba mamia ya saa. Tunachokosa ni mtu aliyepewa kazi hiyo kuwa ndiyo kazi yake, chumba chenye ubaridi wa kutosha, na amri iliyoandikwa.

Na hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo miradi ya namna hii inapopotelea. Kuhamisha sauti peke yake hakutoshi. Faili likiitwa kwa jina la bendi na namba, tutakuwa na sauti nzuri ya watu wasiojulikana, kama ilivyo leo. Kama ndani ya boksi la kanda kuna kadi, ipigwe picha pande zote mbili. Kama kuna daftari la studio, lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Kisha waiteni wazee. Mpigaji mkongwe akisikia mstari wa kwanza wa solo anakwambia nani kapiga, nani alikuwa nyuma yake, gitaa lilikuwa la nani, na mara nyingi ni kwa nini yule jamaa aliihama bendi mwezi uliofuata. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu na kinasa sauti. Wapeni nauli, waketisheni mbele ya spika nzuri, wawekeeni nyimbo, na muwarekodi wakiwa wanasikiliza.

Kwa COSOTA nina neno la peke yake, kwa sababu kwenu tarehe ya kifo ni jambo la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu hiyo iko wazi, na inasikitisha. Salum Abdallah alifariki kwa ajali mwaka 1965. Miaka 50 yake ilitimia 2015. Nyimbo zake zilikuwa zikiuzwa na kupigwa katika kipindi chote hicho, na leo kwa hesabu hiyo hakuna tena kinachodaiwa kwa jina lake. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, kwa hiyo mwisho wake ni 2029. Huo si mwaka wa mbali. Kwa Hemed Maneti ni 2040, kwa Marijani Rajab 2045.

Hawa tarehe zao za kufa zinajulikana. Watunzi ambao hakuna aliyeandika walikufa lini, saa yao inaanza kuhesabiwa wapi? Mrithi wao anathibitisha vipi? Mjane aliyeko kijijini, ambaye wimbo wa mumewe unapigwa kila Jumapili kwenye vipindi vya zilipendwa, anaambiwa alete vielelezo, wakati kielelezo cha kwanza, kwamba mumewe alikuwa mtumishi wa bendi hiyo mwaka huo, kimefungiwa kwenye kabati la shirika la umma. Na watunzi wetu walihama sana. Gurumo peke yake alipita NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Wimbo uliotungwa huku ukarekodiwa tena kule, na jina la mtunzi likabadilika njiani. Bila miaka ya ajira ya kila mtu hamtaweza kusuluhisha madai hayo hata mkiwa na nia njema kiasi gani.

Wageni wametutangulia. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba zilikusanywa na kutolewa na kampuni ya Ujerumani, Dizim. Za Mlimani Park zilitolewa na Africassette ya Detroit. Ufaransa, kampuni ya Buda Musique ina mfululizo mzima wa muziki wa pwani na bara yetu, na Remmy Ongala alitoa albamu zake na Real World ya Uingereza. Sina ugomvi na watu hao, nawashukuru. Walisikiliza kwa makini, wakatafuta wahusika, wakaandika vijitabu vyenye historia na picha. Lakini vijitabu vile vimeandikwa kwa lugha za huko. Kijana wa Morogoro anayetaka kujua bendi iliyokuwa ikipiga mtaa wa babu yake anasoma habari zake kwa lugha ya kigeni, kwenye diski iliyochapwa Ulaya.

Wananchi wa kawaida nao wamefanya sehemu yao. Pandeni daladala ya Sinza, msikilize konda akiita kituo: "kwa Remmy!" Hakuna kamati iliyoketi kuamua hilo. Watu waliishi naye pale, wakapaita kwa jina lake, na abiria wa leo ambao hawajawahi kumwona jukwaani wanashukia hapo kila siku. Mbaraka naye alipofariki, santuri zilizotolewa Nairobi kwa nyimbo zake zilipewa jina la Ukumbusho, na wasikilizaji wakazinunua moja baada ya nyingine. Wasikilizaji hawajasahau. Wanachokosa ni kumbukumbu zilizoandikwa, na hizo wanazo wenye ofisi.

Kwa hiyo naomba haya. Waziri, toa waraka kwa kila taasisi ya umma iliyowahi kuwa na bendi, ukiitaka kwanza isiteketeze jalada lolote la mtumishi wa bendi. Sheria ya kumbukumbu inaruhusu majalada yanayoonekana hayana thamani ya kudumu kuteketezwa muda wake ukiisha, na mtunza masijala hawezi kujua kwamba jina lile lililoandikwa "karani daraja la tatu" ndilo lililopiga saksafoni iliyochezesha nchi nzima. Majalada hayo yapelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mambo ya siri ya kweli, kama ugonjwa au kesi ya nyumbani, yafunikwe. Jina, miaka, cheo na chombo alichopiga viwe wazi.

BASATA, fungueni daftari la wanamuziki wa dansi waliofariki, lenye kila aliyepanda jukwaani, hadi mbeba vyombo aliyekuwa akishika tumba mpigaji akiugua. Mtakosea mwanzoni, msiogope, wekeni nafasi ya kusahihisha na mtaje nani kasema nini. Jengeni kutoka mikoani: Tanga ilikuwa na Jamhuri na Atomic, Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, na wajuzi wao hawako Dar es Salaam. Maofisa utamaduni wa wilaya wapo, wapeni kazi hiyo kwa maandishi na muda wa kuikamilisha.

TBC, tangazeni orodha ya bendi zilizomo kwenye maktaba yenu, hata kabla ya kuhamisha kanda moja. Orodha tupu, jina la bendi na idadi ya kanda. Na kuanzia kesho, mtangazaji anapopiga wimbo wa zilipendwa asome na majina ya wapigaji pale yanapojulikana, na pale yasipojulikana awaombe wasikilizaji wapige simu. Kipindi cha saa moja kitawaletea majina ambayo ofisi haitayapata kwa mwaka.

COSOTA, watangulieni warithi. Msisubiri mjane aje na bahasha. Anzeni na familia za watunzi ambao miaka yao inaisha kabla ya 2035, mziandikie, mzieleze kilichobaki na namna ya kukidai.

Tunaoupenda muziki huu tuko tayari kuja kusaidia, kwa kujitolea, kusikiliza, kunakili na kusafiri kuwafuata wazee walipo. Tunachohitaji ni ofisi yenye jina la mtu mlangoni, na tarehe. Jibuni hadharani: nani amepewa kazi hii, na anaanza lini. Waliokuwa vijana jukwaani NUTA Jazz ilipoanza 1964, wale walio hai, wana umri wa miaka 80 hivi au zaidi. Ningependa wa kwanza aketishwe mbele ya kanda mwaka huu.

Wenu,
Msikilizaji wa muziki wa dansi